Nabii, Maji na Jukwaa Dogo: Kuigiza Kinjeketile mbele ya Hadhira ya Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na kuigizwa kwa zaidi ya nusu karne kama tamthilia ya ukombozi. Makala haya yanaeleza kinachobadilika pale tamthilia hiyo inapofikiriwa kwa ajili ya hadhira ambayo mwandishi wake hakuilenga, yaani wakimbizi wazungumzao Kiswahili katika makazi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, na watazamaji wa Kichewa jijini Lilongwe. Hoja kuu ni kwamba kwa watu waliotoka mashariki ya Kongo, maji yanayozuia risasi hayajawa historia bado. Ni sehemu ya vita walivyovikimbia. Kwa hiyo kikundi kidogo cha maigizo kinachotaka kuigiza habari za nabii huyu kina kazi ya lugha ya kufanya kabla ya kazi ya jukwaa. Makala yanachambua neno la maji, jina la cheo cha Kinjeketile, majina ya makabila, na onyesho la mwisho la gerezani, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera ya lugha na ya wakimbizi nchini Malawi.

Istilahi za msingi: tamthilia ya kihistoria, Kinjeketile, hadhira, Kiswahili cha Kongo, Kichewa, Dzaleka

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya kihistoria kuhusu mtu wa dini ni utanzu wenye ugumu wake. Mtunzi hushughulika na mtu ambaye baadhi ya watazamaji humwamini, wengine humtilia shaka, na wengine hubeba matokeo ya yale yaliyofanywa kwa jina lake. Katika Kiswahili mfano ulio mashuhuri zaidi wa utanzu huu ni Kinjeketile. Wahakiki wameijadili kwa mapana kama tanzia, kama kazi ya kisiasa na kama kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji. Jambo lililojadiliwa kidogo ni hadhira: nini hutokea tamthilia hii inapovuka mpaka wa Tanzania na kufika kwa Waswahili wengine, walio na historia nyingine ya maji na ya manabii?

Malawi ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo. Dzaleka, iliyo kati ya kilomita 40 na 50 kaskazini mwa Lilongwe, ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa kuhifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha sokoni, makanisani na redioni. Aidha, makazi haya yana utamaduni hai wa sanaa za maonyesho. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye pia kama Menes la Plume, huwaleta Wamalawi kutoka mjini kutazama muziki, ngoma, ushairi na maigizo ndani ya makazi yenyewe.

Kwa hiyo waigizaji wapo, na lugha na watazamaji pia wapo. Makala haya yanaeleza masharti ya kuigiza Kinjeketile katika mazingira hayo, yakichukulia kwamba kikundi kinachohusika ni kidogo: waigizaji wachache, maleba machache, na jukwaa ambalo huenda likawa uwanja wa vumbi au ukumbi wa shule.

2.0 Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani

Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, karibu na Mto Rufiji. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na wanahistoria, hasa Gilbert Gwassa na John Iliffe katika miaka ya 1960, alivutwa mtoni na nguvu za mzimu, akakaa chini ya maji, kisha akaibuka akiwa mzima. Baada ya hapo alitangaza ujumbe wa umoja na kugawa dawa ya maji iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Iliaminika kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Vita vilianza Umatumbi mnamo Julai 1905, mahali ambapo watu walilazimishwa kulima pamba, vikaenea kusini yote ya koloni. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, ni kati ya 75,000 na 300,000.

Kinjeketile mwenyewe hakuviona vita hivyo vikifika mbali. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Shambulio kubwa dhidi ya boma la Mahenge, ambapo wapiganaji waliuawa kwa bunduki za rashasha, lilitokea mwishoni mwa mwezi huo, yeye akiwa tayari amekufa.

Hussein aliujua mpangilio huo wa matukio na akaamua kuuacha. Katika tamthilia, Kinjeketile yu hai baada ya kushindwa kwa wapiganaji. Anaonekana akiwa mfungwa, akishurutishwa na adui kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo. Mwandishi alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, na kwamba historia ilimpa msingi tu. Mabadiliko hayo ya wakati ndiyo yaliyoipa tamthilia swali lake: je, mtu aliyezaa imani kubwa kuliko yeye mwenyewe anaweza kuikana imani hiyo, hata akijua kwamba imewaua watu wake?

Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika katika Dar es Salaam ya mwisho wa miaka ya 1960, wakati ambapo Chuo Kikuu kilikuwa kikiendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya Maji Maji (1968 na 1969) na taifa likitafuta mizizi ya umoja wake kabla ya TANU. Katika mazingira hayo, maji yalisomeka kama ishara. Dawa yenyewe ilishindwa, lakini wazo la umoja likaishi. Usomaji huo ndio uliofundishwa katika shule za Tanzania na Kenya kwa miaka mingi. Ili usomaji huo uwezekane, mtazamaji anahitaji kuwa mbali na maji hayo. Lazima awe mtu ambaye hajawahi kumwona kijana wa jirani yake akinyunyiziwa maji na kupelekwa vitani.

3.0 Hadhira mbili

3.1 Dzaleka

Watazamaji wengi wa Dzaleka hawana umbali huo. Katika maasi ya mwaka 1964 nchini Kongo, wapiganaji wa Simba walipewa dawa na waganga na kwenda vitani wakipiga mwito wa Mai Mulele, yaani maji ya Pierre Mulele, wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Dawa hiyo iliambatana na miiko. Aliyeshindwa kuishika miiko ndiye aliyedaiwa kufa, hivyo kifo hakikuweza kuikanusha dawa. Kuanzia miaka ya 1990 jina la Mai-Mai likawa jina la jumla la makundi mengi ya wenyeji wenye silaha katika Kivu zote mbili na maeneo ya jirani. Baadhi ya raia waliwaona kama walinzi wa ardhi dhidi ya majeshi ya kigeni. Wengine waliporwa na kufukuzwa makwao na makundi hayohayo. Katika mstari mmoja wa viti vya Dzaleka wanaweza kukaa watu wa kumbukumbu zote mbili, pamoja na Mnyarwanda au Mrundi ambaye kwake jina hilo lina maana ya tatu.

Hapa tamthilia inabadilika bila kuguswa neno. Onyesho la wapiganaji wakipakwa maji, ambalo Dar es Salaam liliweza kupokewa kwa fahari iliyochanganyika na majonzi, Dzaleka linaweza kupokewa kwa hofu, kwa hasira, au kwa kicheko cha mtu anayejilinda. Na shaka ya Kinjeketile, anapowasihi watu wasubiri nao wanakimbilia vita, haiwi tena fumbo la kifalsafa. Inakuwa swali la uwajibikaji: nani anabeba damu ya vijana walioambiwa hawatakufa?

3.2 Lilongwe na vijiji vya Dowa

Mtazamaji wa Lilongwe analeta nabii mwingine ukumbini, hata kama hatajwi. Naye ni John Chilembwe, mchungaji Mbaptisti aliyesoma Marekani, akarejea Nyasaland mwaka 1900 na kuanzisha Providence Industrial Mission huko Chiradzulu. Mnamo Novemba 1914 aliandika barua gazetini kupinga Waafrika kufa katika vita vya Wazungu. Tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake walishambulia mashamba makubwa ya Magomero, ambako wapangaji walitumikishwa kwa mfumo wa thangata, yaani kazi badala ya kodi ya ardhi. Aliuawa tarehe 3 Februari. Leo sura yake imo katika noti za kwacha, na tarehe 15 Januari ni sikukuu yake ya kitaifa.

Kati ya Kinjeketile na Chilembwe kuna miaka 10 tu. Kuna pia kazi ya kulazimishwa shambani kama chanzo cha hasira, na viongozi waliopewa mamlaka na dini kabla ya siasa. Hata ukoo wa wapiganaji unavuka mpaka. Wangoni wa Songea, ambao viongozi wao wengi walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na Wangoni wa kaskazini mwa Malawi wanatokana na msafara mmoja wa Zwangendaba. Tofauti yao nayo ina uzito. Chilembwe hakuwapa watu dawa. Aliwapa shule, kanisa la matofali na Biblia. Mtazamaji wa Malawi aliyelelewa kumheshimu mchungaji shujaa anaweza kumwona Kinjeketile kama mpagani aliyepotosha watu, na hivyo kukosa kuona kwamba tamthilia inauliza swali linalomhusu Chilembwe pia, yaani swali la kiongozi wa dini anayewaongoza watu kwenye vita ambavyo silaha zao haziwezi kuvishinda.

Kuna hadhira ya tatu, ile ya vijiji vya Wachewa vinavyozunguka Dzaleka. Kwao sanaa kuu ya maonyesho ni Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya jamii ya Nyau. Katika ngoma hiyo aliyevaa kinyago hachukuliwi kuwa mtu anayeiga roho. Kwa wakati huo yeye ni roho. Onyesho la Kinjeketile akipandwa na mzimu wa Hongo litaonwa na watu hawa kwa macho ya ngoma hiyo. Mwigizaji anayedhani anaigiza tu anaweza kukuta watazamaji wakirudi nyuma kwa heshima au wakilaumu kwamba jambo la faragha limewekwa hadharani.

4.0 Maamuzi ya lugha

4.1 Neno la maji

Shina la neno hili ni moja katika lugha zote zinazohusika: maji kwa Kiswahili sanifu, madzi kwa Kichewa, amazi kwa Kinyarwanda na Kirundi, na mayi au mai kwa Kiswahili cha Kongo. Ukaribu huo unaonekana kama zawadi kwa mwongozaji, lakini una mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni wa Dzaleka. Mwigizaji Mkongo akilitamka neno kwa lafudhi yake ya nyumbani, mayi, tamthilia yote inasikika kama habari za Mai-Mai. Akilitamka maji, kwa lafudhi ya Tanzania, umbali fulani unarejea na hadithi inasikika kuwa ya watu wengine wa zamani. Zote mbili ni chaguo halali. Hatari ni kuyachanganya bila kujua, mwigizaji mmoja akisema hivi na mwingine vile, kwa sababu hapo watazamaji watasoma tofauti ya lafudhi kama tofauti ya kambi za kisiasa.

Mtego wa pili ni wa Lilongwe. Katika Kichewa, mayi ni mama, au mwanamke anayeheshimiwa. Mtazamaji wa Kichewa anayekisikia Kiswahili kwa nusu atasikia wapiganaji wakimlilia mama. Kwa hadhira ya Lilongwe, basi, maji au madzi ndiyo yanayofaa. Madzi yana faida ya kueleweka mara moja bila kutafsiriwa, na yanaweza kuingizwa katika viitikio vya umati hata pale mazungumzo mengine yakibaki katika Kiswahili.

4.2 Nabii, mganga au mchungaji

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa mtu wa aina ya Kinjeketile, na kila moja linamweka katika dini tofauti. Mganga anamweka kwenye dawa na mizimu. Nabii anamweka karibu na vitabu vitakatifu. Katika makanisa mengi ya kiroho ya Kongo na ya Dzaleka, nabii ni cheo cha mtu aliye hai, anayeombea wagonjwa na kutabiri kila wiki. Kichewa kina mgawanyo unaofanana: sing'anga ni mganga, mneneri ni nabii wa Biblia.

Tangazo la mchezo likisema ni habari za nabii, watazamaji wataingia wakitarajia aidha kuhubiriwa au kukejeliwa kwa mchungaji wanayemfahamu. Likisema mganga, waumini wengi hawatakuja kabisa. Suluhisho jepesi ni kumwita kwa jina lake tu, kama alivyofanya mwandishi katika anwani ya kitabu. Lakini suluhisho hilo linamsaidia aliyesoma shuleni na si aliyekulia Uvira au Bujumbura, ambako jina la Kinjeketile halifahamiki. Inafaa zaidi kutanguliza mchezo kwa masimulizi mafupi ya msimulizi, kwa Kiswahili na Kichewa, yanayoeleza kwamba mtu huyu aliitwa kwa majina tofauti na watu tofauti: mganga kwa jirani zake, mjumbe wa Hongo kwa wafuasi wake, mchochezi kwa Wajerumani. Watazamaji wanaachiwa kuchagua jina, na kuchagua huko kunaendana na shaka iliyomo ndani ya tamthilia. Kinjeketile mwenyewe anafika mahali pa kutojua kama sauti aliyoisema ilikuwa ya Hongo au ya nani, hasa anapokumbuka kwamba sauti hiyo iliwaahidi watu kuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja.

4.3 Majina ya makabila

Hussein anaonyesha mfarakano wa Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Warufiji, na baadhi ya wahusika wake hawana majina ila makabila yao: Mkichi, Mngindo. Kwa hadhira ya Tanzania mbinu hii ilionyesha kitu kilichodhaniwa kuwa kimeshindwa, na mtazamaji angeweza kuwacheka wahusika wanaozozana kwa sababu ya ukabila. Dzaleka ni mahali ambapo mtu kuitwa kwa kabila lake kuliwahi kuwa mwanzo wa kuuawa. Wapo watu ambao kwa miaka mingi wameepuka kutaja kabila lao hata kwa majirani.

Haifuatii kwamba majina hayo yaondolewe. Bila mfarakano, hitaji la maji halieleweki. Nguvu ya kwanza ya dawa ya Kinjeketile ilikuwa kuwafanya watu waliochukiana wanywe kutoka chungu kimoja. Kinachowezekana ni kugawa nafasi kwa namna ambayo kabila la mhusika halilingani na asili ya mwigizaji inayojulikana kambini, na kuhakikisha kwamba mzozo huo haufanywi kichekesho. Aidha, ni muhimu kwamba makabila yabaki kuwa ya Tanzania. Kishawishi cha kuyabadilisha yawe ya Kivu au ya Burundi, ili mchezo uwahusu watu moja kwa moja, kinaondoa kinga pekee ambayo tamthilia ya kihistoria inampa mtazamaji, yaani uhuru wa kujitambua mwenyewe bila kunyooshewa kidole.

Ikumbukwe pia kwamba matini hii ina mwenyewe. Kubadilisha majina au maneno ya wahusika ni kubadilisha kazi yenye hakimiliki, na nchini Malawi masuala hayo husimamiwa na chama cha hakimiliki, COSOMA. Lafudhi, masimulizi ya utangulizi, mgawanyo wa nafasi na mjadala baada ya mchezo ni nyenzo ambazo kikundi kinaweza kuzitumia bila kugusa matini yenyewe.

5.0 Gereza na kukana

Onyesho la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa zaidi Dzaleka, na sababu yake imo katika jina la mahali. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi, Dzaleka ilikuwa gereza, na katika utawala wa Kamuzu Banda liliwekwa humo wafungwa wa kisiasa. Jina hilo huelezwa kuwa linatokana na Kichewa ndidzaleka, yaani nitaacha, sitarudia tena. Warundi na Wanyarwanda wanaweza kulisikia bila mkalimani, kwa kuwa kureka katika lugha zao kuna maana hiyohiyo ya kuacha.

Kinjeketile anaombwa gerezani aseme neno la aina hiyohiyo. Adui anataka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Rafiki yake Kitunda, aliyeona vifo, anamsihi naye, kwa sababu tofauti kabisa: kukana huko kungewazuia wengine wasife. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba neno lililozaliwa halimilikiwi tena na aliyelizaa, na kwamba siku ikitangazwa kuwa vita vyote vilikuwa uongo, watoto wa kesho wataachiwa aibu tu.

Usomaji wa kawaida unampa ushindi Kinjeketile. Kwa Malawi, usomaji huo una nguvu yake. Katika nchi ambayo tangu mwaka 1968 ilikuwa na sheria ya udhibiti wa maonyesho, na ambayo waandishi wake kadhaa waliwekwa kizuizini, mfungwa anayekataa kutamka neno alilolazimishwa ni mtu wa heshima. Mtazamaji wa Lilongwe aliyeishi enzi hizo ataelewa onyesho hili upesi.

Lakini katika Dzaleka Kitunda naye ana hoja, na huenda akapata watetezi wengi. Mama aliyempoteza mwana katika kundi la wapiganaji atauliza kwa nini nabii hakusema ukweli mapema. Hapa ndipo kikundi kidogo kina faida dhidi ya kikundi kikubwa. Kikundi kikubwa chenye vyombo hupenda kumpandisha shujaa juu kwa mwanga na muziki. Kikundi cha watu saba au wanane, kinachoigiza usawa wa macho ya watazamaji, kinaweza kuwaacha Kinjeketile na Kitunda katika usawa mmoja, kila mmoja akisikilizwa hadi mwisho. Matini inaruhusu jambo hilo. Ni mazoea ya uongozaji, na ya ufundishaji shuleni, yaliyompunguza Kitunda.

6.0 Mto na risasi: mambo ya utekelezaji

Mambo mawili ya jukwaani yanahitaji uamuzi wa mapema. La kwanza ni kupandwa na mzimu. Kwa sababu zilizotajwa kuhusu Gule Wamkulu, na kwa sababu makanisa ya kiroho ya kambini yana namna zao za kupandwa na kutoa pepo, ni busara onyesho hilo lisiige mienendo ya jamii yoyote iliyopo. Kutumia vinyago vinavyofanana na vya Nyau ni kosa. Viongozi wa dini na machifu wa eneo wanafaa kualikwa kutazama mazoezi, bila kupewa mamlaka ya kukata matini, ili wajue watakachoulizwa na watu wao.

La pili ni sauti ya bunduki. Kurekodi milio ya rashasha na kuipiga kwa spika mbele ya watu waliokimbia milio hiyo ni ukatili usio na faida ya kisanaa. Dzaleka ina wapiga ngoma hodari wa jadi ya Burundi. Ngoma moja inayopigwa kwa mpigo mkavu, kisha kunyamaza ghafla, inatosha kuonyesha Mahenge. Ni vyema pia watazamaji waambiwe mwanzoni kwamba kuna onyesho la vita, na kwamba mtu yeyote anaweza kutoka na kurudi.

7.0 Athari kwa sera

Kwa washauri wa sera, suala hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni lugha. Kiswahili si mgeni Malawi. Kilizungumzwa Nkhotakota chini ya akina Jumbe na Karonga katika karne ya 19. Tangu Agosti 2019 ni lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ambayo Malawi ni mwanachama. Hata hivyo ndani ya nchi kimebaki kuonekana kama lugha ya wakimbizi. Mchezo unaoigizwa na watu wa Dzaleka kwa Kiswahili, ukiwa na utangulizi na viitikio vya Kichewa, unamwonyesha Mmalawi lugha hiyo ikifanya kazi ya fikra, na unamwonyesha ukaribu wa maji na madzi bila somo la isimu. Iwapo Kiswahili kitafundishwa katika shule na vyuo vya Malawi, wazungumzaji wa kukifundisha wapo kilomita 50 kutoka mji mkuu.

Upande wa pili ni uhuru wa kutembea. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, ikiweka masharti, likiwemo kuhusu mahali pa kuishi na kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi Dzaleka. Katika hali hiyo, kikundi kinachotaka kuigiza Lilongwe kinahitaji kibali cha kutoka kwa kila mwigizaji, na kukosekana kwa kibali cha mmoja kunavunja mchezo wote. Ndiyo sababu Tamasha la Tumaini limefaulu kwa kuwaleta watazamaji kambini. Njia hiyo ni nzuri lakini haitoshi, kwa kuwa huwafikia wale ambao tayari wana nia ya kusafiri kwenda kutazama.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mamlaka za wakimbizi zianzishe kibali cha pamoja kwa vikundi vya sanaa, chenye tarehe na mahali maalumu, badala ya kibali cha mtu mmoja mmoja. Pili, taasisi za Kiswahili za kanda zigharimie tafsiri ya Kichewa ya Kinjeketile kwa idhini ya wenye hakimiliki. Tafsiri ya Kiingereza ya mwandishi mwenyewe, ya mwaka 1970, inaweza kusaidia pale matini ya Kiswahili inapokuwa ngumu kwa mfasiri. Tatu, idara za fasihi na historia katika vyuo vikuu vya Malawi zishirikiane na vikundi vya Dzaleka kuandaa mijadala ya baada ya mchezo, na humo Kinjeketile na Chilembwe wajadiliwe pamoja.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba maana ya tamthilia ya kihistoria kuhusu mtu wa dini hutegemea sana umbali uliopo kati ya mtazamaji na imani inayoigizwa. Dar es Salaam ya mwaka 1969 ilikuwa na umbali wa miaka zaidi ya 60 kutoka kwenye maji ya Ngarambe. Baadhi ya watazamaji wa Dzaleka wana umbali wa miaka michache, na wengine wana ndugu ambao bado wamo msituni. Lilongwe ina umbali wa aina nyingine, wa watu ambao nabii wao amekwisha kuwekwa kwenye noti za benki.

Tofauti hizo hazizuii tamthilia kuigizwa. Zinadai kwamba kikundi kiamue kwa makusudi neno la maji litamkwe vipi, Kinjeketile aitwe nani, makabila yasemwe na kinywa cha nani, na Kitunda apewe nafasi kiasi gani. Maamuzi hayo yakifanywa, mtazamaji wa Dzaleka anapewa nafasi adimu ya kumuuliza nabii hadharani swali ambalo vitani hakuweza kuliuliza.